Pete Yangu Haikatwi

Mwaka 1968, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu aliugua kifua wiki tatu akafa, na mimi nikatolewa darasa la tatu nikapewa jembe. Bukiriro, kijiji chetu huku Ngara, wakati ule ilikuwa na watoto wengi wa namna yangu, kwa hiyo hakuna aliyenionea huruma. Mama alibaki na sisi watano na shamba la migomba lililochoka. Kusoma kwangu kukaishia kwenye vibao vya maduka na kitabu cha misale cha kanisani. Mengine yote ninayoyajua nimeyajua kwa mikono.

Ninachosimulia hapa kinahusu mkono mmoja, tena kidole kimoja. Mwaka juzi wanangu walitaka kuikata pete niliyoivaa karibu miaka arobaini, ili wanivishe kubwa zaidi. Mimi sikutaka. Sababu nilikuwa nayo, lakini nilishindwa kuitamka, na kwa wiki tatu nilikaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Niliolewa 1974. Pete ya kanisani ilikuwa ya kuazima. Siku hizo kanisani kwetu palikuwa na jozi moja ya pete za shaba kwa ajili yetu sisi tusio na kitu, katekista alizitunza kwenye kopo la vidonge. Unavishwa mbele ya altare, unapigiwa vigelegele, kisha ukiingia sakristia kusaini kitabu unaivua, unamrudishia. Jumamosi inayofuata anaivaa mwingine. Ile yangu ilikuwa pana, nikawa nakunja ngumi isidondoke. Nilitoka nje mke wa mtu, kidole kitupu, na sikuona ajabu maana wote tuliofahamiana tulitoka hivyo.

Mwaka 1985 mume wangu alirudi kutoka Biharamulo alikokuwa akipasua mbao msituni misimu miwili. Tulikuwa tumekubaliana atanunua baiskeli, ili nipeleke maharage gulioni Rulenge bila kuyabeba kichwani. Nikamwona anapanda kilima kwa miguu.

"Baiskeli iko wapi?"

"Haipo."

"Umeibiwa?"

"Sikununua. Lete mkono."

Alikuwa amesindikiza mbao za tajiri wake hadi Mwanza, akapita dukani kwa sonara, akaiacha huko baiskeli yangu yote. Pete yenyewe ya dhahabu nyembamba, na juu yake almasi kama punje ya ulezi. Nilimtukana. Nilimuuliza kama maharage nitayabebea kwenye hicho kidude. Yeye si mtu wa maneno. Alisema tu, "Hii hutamrudishia mtu," akaenda kunawa miguu.

Nilibeba maharage kichwani miaka mitatu mingine. Wifi yangu, dada yake mume wangu, akapata cha kuchekea. "Wifi, hiyo almasi tuitafute kwa tochi au kwa miwani?" Nikamwambia alete chupa ya soda. Nikaikwangua chupa kwa lile jiwe, ukabaki mstari mweupe, akachukua chupa yake akaondoka. Kusema kweli pete ile nilianza kuipenda siku hiyo, na nilianza kuipenda kwa kiburi. Mapenzi yalikuja baadaye, polepole, nikiwa nayo kwenye udongo, kwenye maji ya ndizi, kwenye kinyesi cha ng'ombe. Sikuivua hata siku moja.

Sasa nifike kwenye lile nililolificha.

Mwaka 1994 watu walivuka kutoka Rwanda, wengi hata huwezi kueleza, na vilima vya upande ule vikageuka bluu kwa maturubai. Sisi wenye migomba tulipata soko tusilowahi kuliota. Mume wangu alikuwa tena Biharamulo kwenye mbao. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye kambi ya wakimbizi kuuza ndizi mara mbili kwa wiki. Siku moja mama wa rika langu akanishika kitenge, akanionyesha pete. Jiwe lake lilikuwa kama punje ya hindi. Lugha yake na yetu zinasikilizana.

"Nipe mikungu mitatu," akasema.

"Mmoja."

"Dada, hii ni ya harusi yangu."

"Ndiyo. Mmoja."

Alikuwa na watoto wawili wamekaa chini, hawachezi. Nilijua hana pa kwenda. Mfanyabiashara humjua mtu aliyekwama, hahitaji kuambiwa. Nikampa mkungu mmoja, nikaongeza bakuli mbili za maharage ili nijione mwema. Pete ilimtoka kidoleni bila kuvutwa, jinsi alivyokuwa amekonda. Akapokea ndizi, akazitua chini, akapiga makofi madogo ya kushukuru, kama tunavyofanya sisi mtu akipewa kitu. Makofi hayo ndiyo ambayo sikuyasahau.

Nyumbani niliijaribu. Yangu niliivua? Hapana, hiyo niliiweka kidole cha pembeni yake. Ilimeremeta sana pembeni ya ile ya ulezi, nikaona kinyaa, nikaitoa. Wiki iliyofuata nikaiuza kwa mnunuzi wa dhahabu wa Biharamulo aliyepita gulioni, nikanunua mabati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, na mume wangu aliporudi akaikuta inang'aa. "Maharage," nikamwambia. Akafurahi. Akawaambia watu.

Basi nikawa mwanamke aliyejijenga kwa maharage. Nimelisema hilo harusini, misibani, kwenye jumuiya, mbele ya wakwe: bati langu la kwanza ni maharage ya kichwa changu, sikupewa na mtu. Mengine niliyojenga baadaye ni jasho langu kweli, nayo ni mengi kuliko lile bati. Lakini watu hupenda kusikia mwanzo, na mwanzo wangu ulikuwa na uongo ndani yake.

Mwaka juzi tukatimiza miaka hamsini ya ndoa. Hapa nilijifunga mwenyewe. Jumapili moja kwenye jumuiya, mama mmoja akatusimulia jubilei ya dada yake, keki ya ghorofa tatu na nini, nikashindwa kuvumilia. Nikasimama nikasema wanangu watanifanyia jubilei ambayo Bukiriro haijaiona. Sikuwa nimeongea nao. Jioni ile ile simu zikaanza. Mtoto wangu wa kwanza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngara mjini, akajifanya mwenyekiti wa kamati. Binti yangu anayefanya biashara Mwanza akasema mavazi na pete anabeba yeye. Ukishatamka mbele ya jumuiya huwezi kurudi kusema nilikuwa natania.

Binti alikuja wiki tatu kabla ya siku. Akafungua kiboksi chekundu mezani, sebuleni, baba yake na kaka yake wakiwepo.

Jiwe lilikuwa kama punje ya hindi.

Sisemi lilikuwa lile lile. Si lile. Lakini niliona mkono wa yule mama, nikasikia makofi, nikatua kikombe cha chai mezani.

"Mama, mbona umenyamaza? Hii ndiyo inayokufaa. Ile ya ulezi umeivaa imetosha."

"Nani kakwambia imetosha?"

"Mama jamani! Watu watakuona. Video itakwenda mpaka Dar."

"Wanaangalia sherehe au wanaangalia kidole?"

"Kidole!" akadakia kaka yake, wakacheka wote, hata mzee wangu akacheka.

Nikasema mimi na hii yangu tumetosheka. Binti akaniambia hayo ni maneno ya zamani, kwamba nilikuwa natosheka kwa sababu kilikuwa hakipo kingine, na sasa kipo. Nikamtazama mzee anitetee, akasema, "Mtoto amehangaika, Mama. Pokea." Kwetu zawadi iliyotolewa mbele ya watu hairudishwi. Unaipokea kwa mikono miwili. Nikapokea.

Kumbe pete yenyewe haitoki. Kiungo cha kidole kimevimba kwa jembe la miaka hamsini, kimekaa kama kifundo cha muwa, na pete imebaki nyuma yake. Wakanipaka sabuni. Wakanipaka mafuta ya kula, wakanipaka ya mgando. Binti aliona kwenye simu yake namna ya kuzungushia uzi, akanizungushia uzi mpaka kidole kikawa cha zambarau, wakavuta, mimi nikapiga kelele, mbwa akabweka. Wifi alikuwa amekuja kusaidia kuchambua mchele. Akatikisa kichwa.

"Hiyo imeota mizizi. Muilipie kodi ya ardhi."

"Wewe chambua mchele," nikamwambia.

"Nachambua, wifi. Nachambua nikiona maajabu."

Mwenyekiti wa kamati akatoa uamuzi: aitwe fundi aikate.

Kuanzia hapo sikuwa na pa kukaa. Nyumba ilijaa watu wanaonipenda. Nikishika jembe, naambiwa mama acha, mkono utachubuka, utaonekana kwenye video. Nikienda jikoni, wakwe wananirudisha sebuleni. Mjukuu akanipaka rangi ya kucha, nyekundu, mimi mwanamke wa miaka sitini na nane. Nimelima tangu nina miaka kumi na miwili, na sasa nilikaa kwenye kochi nikiangalia ukuta, kidole kikiwaka moto, kiboksi chekundu kiko juu ya kabati kinaniangalia. Kila aliyeingia alikifungua. "Shikamoo mama, hebu tuione!" Marahaba, ioneni.

Ningeweza kusema sitaki, basi. Wangeuliza kwa nini. Na kila sababu niliyoitafuta ilikuwa inazunguka inarudi kwenye bati. Nilifikiri kuwaambia nusu. Nusu yake haiambiki.

Nikapanda bodaboda nikaenda kwa padre. Ni kijana, angeweza kuwa mwanangu wa mwisho, ananipa shikamoo. Nikamuuliza kama kanisa linadai pete mpya kwenye jubilei.

"Halidai, mama. Hiyo uliyonayo naibariki hapo hapo ilipo."

"Basi waambie wanangu."

"Nikiwaambia watasema umenituma."

"Si nimekutuma!"

Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri. "Mama, waambie mwenyewe. Kuna nini kwenye hiyo pete mpya?"

Mlango ulikuwa wazi. Hakuna aliyenizuia kusema. Nikamwambia kuna jiwe kubwa tu, nikaaga. Njia nzima ya kurudi nilijitukana mgongoni kwa yule kijana wa bodaboda hata akauliza, "Bibi, unaongea na mimi?"

Fundi alikuja Alhamisi, siku mbili kabla. Ni fundi saa wa mjini Ngara, mwenye vidole vyembamba kama vya msichana. Wakaniketisha mezani, mkono juu ya kitambaa cheupe. Sebuleni walikuwepo mzee, binti, mwenyekiti, wifi mlangoni na ungo wake. Fundi akapitisha kibati chembamba chini ya pete ili msumeno usinichane. Msumeno wenyewe mdogo kama wembe. Akavuta mara moja. Akavuta ya pili. Vumbi la dhahabu likaangukia kwenye kitambaa, kidogo tu, kama chavua.

"Acha," nikasema.

"Nimekuumiza, bibi?"

"Hujaniumiza. Acha."

Binti akashika kichwa. "Mama, tena? Mama, keshokutwa ndiyo shughuli! Nimeitafuta hii pete miezi mingapi, nimezunguka mjini mzima, halafu wewe unashikilia kipunje ambacho hata..." Akaishia hapo kwa sababu baba yake alikuwa anamwangalia.

"Maliza," nikamwambia. "Ambacho hata hakionekani. Najua hakionekani. Ile yako inaonekana. Pete kama hiyo nimewahi kuwa nayo."

"Lini?"

Nikawaambia. Sikupamba. Niliwaambia habari za yule mama wa kambini, mikungu mitatu aliyoomba na mmoja niliompa, watoto wawili, makofi, mnunuzi wa Biharamulo, mabati. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kitambaa na kile kibati kimebaki chini ya pete. Fundi wa watu hakujua aangalie wapi, akawa anapangusa msumeno.

Mzee aliangalia lile vumbi la dhahabu kwenye kitambaa. Yeye husikia kwa sikio moja, nikadhani hakusikia.

"Uliniambia maharage," akasema.

"Nilikudanganya."

"Miaka thelathini?"

"Miaka thelathini."

Pale mlangoni wifi akapiga ungo kwa kiganja. "Na ulivyotuimbia! Maharage, maharage! Sisi tukalima maharage mpaka migongo ikapinda, tukangoja bati, bati haliji!"

Ningeweza kumrushia kitu. Sikuwa na kitu. Ilikuwa kweli, walilima, na mimi niliwacheka kuwa hawajui kulima.

Mwanangu mkubwa alikuwa anatazama sakafu. Yeye ndiye aliyelala chini ya lile bati akisomea mtihani, mvua ikipiga, na huwa anaieleza hadithi hiyo kwa wateja dukani kwake, jinsi mama yake alivyojijenga. Akauliza, "Yule mama aliitwa nani?"

"Sikumuuliza."

"Ulikwenda tena?"

"Nilikwenda tena kuuza ndizi. Sikumtafuta. Nilipita njia nyingine."

Mzee akainuka, akachomoa kile kibati chini ya pete yangu kwa mkono wake, taratibu, akamkabidhi fundi. "Kunja vifaa vyako, mwanangu. Nauli yako utapewa." Kisha akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Hakuniambia neno jema. Hakuniambia baya.

Binti akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nimekuletea kitu kibaya?"

"Cha kwako ni kizuri. Umenunua dukani, mwenye nacho akauza kwa kupenda. Mimi ndiye siwezi kukivaa."

"Ungesema tangu mwanzo."

"Ningesema. Nilikuwa naogopa hivi mnavyoniangalia sasa."

Jumamosi padre alibariki pete ikiwa kidoleni, na kovu la msumeno lipo. Akamwaga maji ya baraka mengi mpaka yakaingia kwenye mkono wa gauni. Mzee alinishika mkono wakati wa kurudia ahadi, akasema maneno yote ya padre bila kukosea, lakini macho yake yalikuwa kwenye mshumaa. Binti alivaa ile pete mpya yeye mwenyewe, akaigeuza jiwe likae upande wa kiganja.

Kwenye sherehe, chini ya turubai, mshereheshaji alinipa kipaza sauti. "Sasa mama yetu, mama jembe, mama aliyejijenga mwenyewe, atupe siri!" Watu wakapiga makofi. Kila mwaka nimeshika kipaza sauti kwenye shughuli za watu na sijawahi kukosa la kusema. Nilisimama. Niliona wifi kule nyuma, ameshika mfupa wa mbuzi, anangoja. Nikasema asanteni kwa kuja, nikakaa. Mshereheshaji akadhani ni machozi ya furaha, akaweka muziki.

Hayakuishia pale. Kwenye gulio mtu akiuliza bei ya maharage, wapo wanaocheka pembeni. Wifi yangu hakuweza kukaa na neno hilo hata wiki. Mzee alikaa miezi miwili akinijibu ndiyo na hapana. Siku moja tukiwa tunamenya ndizi akasema ghafla, "Ungeniambia, tungemtafuta pamoja." Nikasema ndiyo. Akaendelea kumenya. Hatujaliongea tena, na halijaisha. Huwa nalisikia likipita kati yetu wakati wa chakula.

Kidole bado kinavimba, hasa majira ya mvua. Daktari wa Rulenge ameniambia ipo siku pete itabidi ikatwe, ama damu itashindwa kupita. Nimemwambia siku hiyo aikate, anipe vipande. Nyingine sitavaa. Wanawake wenzangu huniambia nina bahati mbaya, binti analeta almasi kubwa mimi naganda na kipunje. Nawaambia kipunje hiki nakijua kilikotoka: kilitoka kwenye mbao za mume wangu na baiskeli yangu. Kinanitosha. Hata kama kisingenitosha, hakitoki.

Ninavyomiliki leo ni hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, na ile ya zamani ambayo sasa ni ghala. Shamba la migomba, kahawa kidogo, na shamba la maharage kule bondeni. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Mbuzi saba. Watoto watano, wanne wanapiga simu. Pete moja ya dhahabu, imekwaruzwa. Mume mmoja. Mashine ya kukamulia ndizi, ya kukodisha. Vitanda sita, magodoro manne. Majembe manne, mawili hayana mipini.